Saa ilisogea, mpango haukusogea: uchambuzi wa safari ya siku moja kwenye hifadhi ya mkoa

Watu 14 wanakwenda hifadhini kwa siku moja. Watembee msituni, wale pamoja, watoto wacheze, jioni warudi nyumbani. Hakuna aliyevunjika mguu wala aliyekutana na mnyama mkali. Hata hivyo, ilipofika saa 12 jioni, watu watano walikuwa bado njiani mvua ikiwanyeshea, tisa wamejibana kwenye gari la viti saba, lango linafungwa, na askari wa hifadhi wanavaa mabuti wakatafute.

Kundi hili ni la mfano. Makosa yaliyomo si ya mfano: askari yeyote wa hifadhi atayatambua moja baada ya jingine. Tumelichagua kwa sababu ukilisoma toka mwanzo hutakuta mahali ambapo mtu alifanya ujinga mkubwa. Utakuta dakika tu, kumi na tano hapa, arobaini pale.

Kundi na karatasi yao

Watu wazima 10, watoto 4. Mtoto mdogo ana miaka 6, mkubwa 12. Kati ya watu wazima yumo bibi wa miaka 68 ambaye goti humsumbua akiteremka, si akipanda. Magari ni mawili, kila moja la viti 7, kwa hiyo hakuna kiti cha akiba hata kimoja.

Hifadhi hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Ina njia tatu za miguu. Ya kwanza ni kilomita 3, tambarare, inazunguka bwawa. Ya pili ni kilomita 10 na ya tatu 13, na hizi mbili ni njia moja hadi kilomita ya 6.5. Hapo kuna njia panda: ukishika kulia unateremka kilomita 3.5 hadi maegesho, ukishika kushoto umebakiwa na kilomita 6.5. Njia ndefu ina jumla ya mita 520 za kupanda, na 400 kati ya hizo zimo ndani ya kilomita 5 za mwanzo, kutoka maegesho hadi kileleni.

Walichagua ile ya kilomita 13. Karatasi yao ilisema hivi: kuondoka nyumbani saa 1:30, kufika saa 3:00, kuanza kutembea saa 3:30, kurudi saa 6:30, chakula kwenye banda walilolikodi hadi saa 9:00, kuondoka saa 10:30.

Hayo masaa matatu ya kutembea yalitoka wapi? Mmoja wao aligawa 13 kwa 5, kwa kuwa kila mtu anajua binadamu hutembea kilomita 5 kwa saa. Akapata masaa 2 na dakika 36, akaongeza kidogo ili namba iwe nzuri. Hapo ndipo safari ilipoharibika, wiki moja kabla ya kuanza.

Siku ilivyokwenda

Waliondoka saa 2:15, wakafika langoni saa 3:40. Langoni zikapita dakika 25: kila jina lilitakiwa kuandikwa, umri wa kila mtoto kutajwa, namba za magari kuchukuliwa, na hakuna aliyekuja na orodha. Maegesho makuu yalikuwa yamejaa. Dakika 10 za kutafuta nafasi ziliishia kwenye maegesho ya pili, mita 900 kutoka mwanzo wa njia. Kutembea hadi hapo, dakika 15. Choo, kubadili viatu, kupaka watoto mafuta ya jua, kugawana mizigo, dakika 20. Mguu wa kwanza uliingia njiani saa 4:50.

Kileleni walifika saa 7:30, wakapumzika na kupiga picha kwa dakika 35. Chakula hawakuwa nacho, kilikuwa garini ndani ya boksi la barafu kwa kuwa mpango ulikuwa kula baada ya kurudi.

Vijana na wenye mwendo mwepesi, watano, walitangulia kuteremka kabla ya mapumziko ya kileleni kwisha. Walifika njia panda saa 8:15, wakashika kushoto bila kusimama. Nyuma walikuwa tisa, pamoja na bibi na watoto wote. Wao walifika saa 8:40. Hawakukuta mtu wala alama. Simu hazikuwa na mtandao. Wakabishana dakika 15, kisha wakashika kulia, wakafika maegesho saa 10:20.

Watano wa mbele walipofika kilomita ya 10, saa 9:12, wakakaa kuwangoja wenzao, ambao kwa wakati huo walikuwa kwenye njia nyingine kabisa. Wakangoja dakika 40. Kisha wawili wakarudi nyuma kuwatafuta, watatu wakabaki. Wale wawili walifika njia panda saa 10:34. Hapakuwa na mtu. Mvua ikaanza. Wakageuka tena, wakawakuta watatu saa 11:24, na wote watano wakafika maegesho saa 12:20.

Ufunguo wa gari la pili ulikuwa kwenye begi la mmoja wa hao watano.

Hesabu inaanzia mwisho

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vya mita inasema hivi: saa moja kwa kila kilomita 5 za ramani, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, yaani dakika moja kwa kila mita 10. Kwa njia hii ya kilomita 13, hiyo ni masaa 2 na dakika 36, ongeza dakika 52. Jumla ni masaa 3 na dakika 28. Na huyo ni mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama hata kunywa maji.

Kundi lenye mtoto wa miaka 6 na bibi mwenye goti haliendi kilomita 5 kwa saa. Kilomita 3 ni makadirio ya haki, yaani dakika 20 kwa kilomita. Usiamini namba hii kwa sababu tumeiandika sisi. Wiki mbili kabla ya safari, mchukue yule mwenye mwendo wa pole kuliko wote, tembeeni kilomita moja mkizungumza kawaida, mpime. Dakika mtakazopata ndizo mwendo wa kundi zima. Wastani wa watu 14 hauna kazi hapa, kwa sababu hakuna anayeweza kufika kabla ya wa mwisho kufika.

Kwa mwendo wa kilomita 3, kilomita 13 ni masaa 4 na dakika 20. Ongeza zile 52 za kupanda. Ongeza mapumziko, karibu dakika 10 kila saa, na yale 35 ya kileleni. Unapata masaa 6 na nusu. Karatasi ilisema matatu.

Sasa geuza hesabu. Usianze na saa ya kuondoka nyumbani, anza na lango. Linafungwa saa 12:00. Kutoka maegesho hadi lango, kwa mwendo unaoruhusiwa ndani ya hifadhi, dakika 20. Kupakia, choo, kuhesabu vichwa, dakika 25. Kutembea hadi maegesho ya mbali, dakika 15. Kwa hiyo mguu wa mwisho unatakiwa kutoka njiani saa 11:00. Toa saa nzima ya akiba, kwa sababu kitu fulani kitatokea, hujui tu ni kipi. Inabaki saa 10:00. Hiyo ndiyo namba iliyotakiwa kuandikwa juu ya karatasi kwa kalamu nene.

Endelea kurudi nyuma. Kutoka njia panda kwa njia ndefu kuna kilomita 6.5 na mita 120 za kupanda: kwa kundi hili, pamoja na mapumziko, masaa 2 na dakika 40. Kwa hiyo ukitaka kushika kushoto ni lazima uwe njia panda kabla ya saa 7:20. Kwa mkato wa kulia ni saa 1 na dakika 20, mwisho saa 8:40.

Kutoka mwanzo wa njia hadi njia panda, pamoja na kukaa kileleni, walitumia masaa 3 na dakika 50. Ukitoa hayo kwenye saa 7:20, unapata saa 3:30 asubuhi. Ndiyo saa iliyoandikwa kwenye karatasi yao! Wangeanza kwa wakati, njia ndefu ingewezekana, kwa shida na bila chakula cha mchana, lakini ingewezekana. Walianza saa 4:50. Dakika 80 zilikuwa zimeshaliwa kabla ya hatua ya kwanza, 40 kwa kuchelewa kufika, 40 kwa lango, maegesho na choo. Na hakuna aliyesema, jamani, sasa hii si ile njia tuliyoipanga.

Hilo ndilo kosa la kisa hiki. Kuchelewa si dhambi, kundi lenye watoto wanne huchelewa. Tatizo ni kwamba saa ilisogea na mpango ukabaki palepale. Karatasi yenye njia moja na saa moja haina pa kusogea. Iliyotakiwa ingekuwa na sentensi ya namna hii: *tukianza baada ya saa 3:30, tunakwenda ya kilomita 10, tukianza baada ya saa 4:50, tunakwenda bwawani*. Uamuzi huo ufanyike nyumbani, mtu akiwa ameketi. Njiani, kileleni, baada ya kupanda mita 400, hakuna kundi linalokubali kwa hiari yake kwamba muda umekwisha. Kila mtu anaona imebaki kidogo.

Tukizungumzia kuteremka: Naismith hakuongeza kitu kwa mteremko. Eric Langmuir alirekebisha baadaye. Mteremko wa wastani, kati ya nyuzi 5 na 12, hupunguza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka; mteremko mkali zaidi ya hapo huongeza dakika 10. Kwa mwenye goti bovu, punguzo lisahau. Muulize mapema ni kupanda au kushuka kunakomsumbua, kwa sababu "nina goti" peke yake haikuambii kitu. Fimbo mbili za kutembelea zilizorefushwa kidogo wakati wa kushuka hupunguza mzigo kwenye magoti, na kwa bibi huyu zingekuwa na faida kubwa kuliko dawa ya kupaka.

Njia panda

Kundi kugawanyika si ajali. Watu wenye mwendo tofauti wakitembea bila sheria, watagawanyika, ni suala la kilomita ngapi tu. Sheria yenyewe ni fupi: wa mbele haruhusiwi kupita njia panda kabla ya kumwona wa mwisho kwa macho yake. Si kusikia sauti, si "nadhani wanakuja". Kumwona. Kwa hiyo lazima kuwe na wa mwisho anayejulikana, mtu mzima mmoja aliyepewa kazi hiyo tangu maegesho, ambaye hampiti mtu yeyote hata akisimama kufunga kamba za viatu. Mara nyingi kazi hii hupewa yule aliyechoka. Ni makosa. Mpe mwenye nguvu kuliko wote, kwa kuwa ndiye atakayembeba mtoto.

Angalia kilichofuata baada ya sheria hiyo kukosekana. Kundi moja likawa mawili saa 8:15. Saa 9:52, wawili waliporudi nyuma, yakawa matatu. Kila kundi lilifanya jambo la busara kwa habari lililokuwa nazo. Wa nyuma walishika njia fupi kwa sababu ya goti na watoto. Wa mbele walingoja. Wawili walirudi kwa sababu ya wasiwasi. Busara tatu zisizopatana. Watano wangeendelea tu bila kungoja, wangetoka saa 10:00 na dakika chache, kabla hata ya wenzao.

Wa nyuma nao walikuwa na dakika 15 pale njia panda na hawakuacha kitu. Karatasi chini ya jiwe, katikati ya njia ya kushoto: "Saa 8:55. Tisa, tumekwenda kulia, maegesho." Maneno sita. Wale wawili waliorudi wangeyakuta saa 10:34, nao wangejua hakuna aliyepotea. Usichonge mti wala kupanga mishale ya mawe ambayo itampoteza mgeni wa kesho. Karatasi inatosha, na atakayeikuta aondoke nayo.

Firimbi ingesaidia pia, nayo ina uzito wa sarafu chache. Ishara ya dharura milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Anayejibu hupuliza 3. Wafundishe watoto jambo moja la nyongeza: ukijiona peke yako, kumbatia mti na ukae hapo. Mtoto anayesogea ni mgumu kumpata.

Simu zilikuwepo kumi, zote na chaji, zote bure. Ramani ilikuwa picha ya ubao wa langoni, tena ndani ya simu ya mmoja wa wale watano. Watu wengi hudhani simu isiyo na mtandao haijui ilipo. Inajua. Kipokezi cha GPS hakitegemei mnara wa simu. Kinachokosekana ni ramani ya kuonyesha alama hiyo ya bluu. Pakua ramani ya eneo ukiwa nyumbani, kisha iweke simu kwenye hali ya ndege uone kama inafunguka. Njiani iache kwenye hali hiyo hiyo, kwa sababu simu inayotafuta mnara usiokuwepo humaliza betri haraka. Ukilazimika kuwasiliana, panda mahali pa wazi na tuma ujumbe mfupi. Ujumbe unaweza kupenya kwa sekunde chache za mtandao ambazo mazungumzo hayawezi.

Ramani ya karatasi, kama hifadhi inayo, huwa na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na ubao wa langoni huwa hauna. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita moja. Kontua zikikaribiana, hapo ndipo dakika zako zinapoliwa. Ubao uliandika "13 km" na picha ya ndege. Mita 520 hazikuonekana popote.

Na ufunguo. Funguo zote mbili zikae na wa mwisho, kwa sababu aliko wa mwisho ndiko waliko watoto. Kijana mwenye afya anaweza kungoja nje ya gari nusu saa. Mtoto wa miaka 6 aliyelowa asingoje.

Lita sita kwa watu kumi na wanne

Walibeba chupa 12 za nusu lita. Dumu la lita 20 lilibaki garini, limejaa. Ukikadiria nusu lita kwa saa kwa mtu mzima anayetembea kwenye joto la wastani, na karibu theluthi ya lita kwa mtoto, masaa 5 ya kutembea yanahitaji lita 25 kwa watu wazima 10 na lita 6 au 7 kwa watoto. Jumla lita 31 na ushee, yaani mara tano ya walichobeba. Kwa kuwa lita moja ni kilo moja, kila mtu mzima angebeba kilo 3 na zaidi asubuhi, na karibu sifuri jioni. Unaona kwa nini watu huacha maji garini. Kosa la upande wa pili nalo lipo, kunywa maji matupu kupita kiasi kwa masaa mengi hadi chumvi ya mwili ikapungua. Kinga yake ni kunywa kwa kadiri ya kiu; kitu cha chumvi cha kutafuna peke yake hakitoshi kuzuia.

Chakula kilikuwa na tatizo lake. Kilipikwa asubuhi, kikaingia kwenye boksi, boksi likakaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, likafunguliwa saa 10:30 jioni. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya masaa 2 kwenye joto la kawaida, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Boksi lenye barafu ya kutosha hushinda hilo, mradi ndani kubaki nyuzi 4 au chini. Njia rahisi ya kujua: ukilifungua na barafu yote imekuwa maji ya uvuguvugu, usibahatishe. Kwa safari ya namna hii, chakula cha mchana kiwe kikavu, kigawanywe, na kila mtu abebe chake.

Kisha kiatu. Katika kilomita ya 4, soli ya buti la mmoja wao ilibanduka mbele, ikawa inapiga kofi kila hatua. Mita 300 baadaye ikatoka nzima. Buti lenyewe lilionekana jipya, lilikuwa limevaliwa mara mbili na kukaa kabatini miaka mingi. Hiyo ndiyo sababu hasa. Soli nyingi za buti huwa na tabaka la povu la poliyurethani, ambalo unyevu wa hewa hulivunja polepole hata kiatu kikiwa hakivaliwi. Unalipima hivi: kunja kiatu kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba. Ukiona nyufa ndogo, au kucha ikaacha kovu na unga, hicho kiatu kimekufa. Njiani dawa ni gundi ya utepe, ile pana ya kitambaa, izungushwe mara tatu chini ya upinde wa mguu na mara mbili mbele. Itaisha kwa kusagika baada ya kilomita kadhaa, kwa hiyo beba zaidi. Si lazima rola nzima, zungushia mita 3 kwenye chupa ya maji.

Utepe huo huo hutumika kwa malengelenge, lakini wakati wake ni pale mguu unapoanza kuhisi moto, si pale ngozi imeshajaa maji. Mtoto hasemi. Muulize kila anapokaa.

Mvua

Kileleni joto lilikuwa chini kwa karibu nyuzi 2.6, kwa kuwa hewa hupoa takriban 0.65 kwa kila mita 100 za kupanda. Hilo si baridi. Baridi ilikuja baadaye, nguo za pamba zilipolowa na upepo ukapita. Pamba ikilowa haihifadhi joto na haikauki mwilini. Kila mmoja alitakiwa kuwa na koti la mvua, hata lile jepesi la nailoni, na fulana moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Vitu hivyo havifiki nusu kilo kwa mtu.

Radi ilisikika saa 10:40. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, basi hesabu sekunde toka mwanga hadi ngurumo, gawa kwa 3. Ila usisubiri namba iwe ndogo: ukisikia ngurumo uko tayari ndani ya eneo la hatari. Teremka kutoka mgongo wa kilima, toka kwenye uwazi, usisimame chini ya mti uliojitenga, na kaa hivyo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wale tisa walifanya sawasawa kuingia garini na kufunga vioo, hata kama walibanana. Banda la pikiniki lisilo na kuta lisingewakinga na radi, lingewakinga na maji tu.

Watano walikuwa na tochi za simu. Tochi halisi ya kichwani huacha mikono huru na haili betri unayohitaji kwa kupiga simu. Karibu na ikweta giza huingia ndani ya nusu saa baada ya jua kuzama, na chini ya miti huingia mapema zaidi. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta machweo hurefuka, lakini wakati wa baridi siku yenyewe ni fupi.

Watu wale wale, siku nyingine

Kwa maoni yetu njia ya kilomita 13 haikuwa ya kundi hili. Wala ya 10 haikuwa ya kundi lote. Jibu lililo sawa ni kugawanyika rasmi, asubuhi, maegeshoni. Bibi, watoto watatu wadogo na watu wazima watatu waende bwawani, kilomita 3, saa moja na nusu kwa mapumziko, kisha washike banda na chakula. Mtoto wa miaka 12 na watu wazima sita waende ya kilomita 10. Saba na saba. Kila kundi liwe na gari lake na ufunguo wake, maji yake, firimbi yake, wa mbele na wa mwisho wake, na saa moja ya kukutana bandani. Hakuna anayemfuata mwenzake katikati ya njia.

Siku tatu kabla, mtu mmoja apige simu ofisi ya hifadhi na kuuliza mambo manne. Maegesho hujaa saa ngapi mwisho wa wiki? Kuna njia iliyofungwa au daraja lililobomoka? Moto unaruhusiwa? Lango hufungwa saa ngapi *kwa magari yanayotoka*? Hilo la mwisho huwashangaza watu: saa iliyoandikwa kwenye ubao mara nyingine ni ya mwisho wa kuingia. Aulize pia kama vyoo viko mwanzo wa njia tu. Vikiwa hapo tu, atakayezidiwa njiani achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji na njia kwa mita 60, hatua 80 hivi za mtu mzima, afukie, na karatasi arudi nayo kwenye mfuko.

Majina 14 yaandikwe nyumbani, nakala tatu. Moja ni ya langoni, nayo peke yake inaokoa robo saa. Ya pili ibaki kwa mtu asiyesafiri, ikiwa na njia, namba za magari, saa ya kutarajiwa na, muhimu kuliko vyote, saa ambayo akiwa hajasikia neno atapiga simu hifadhini. Bila saa hiyo atabaki akijiuliza hadi usiku wa manane kama anaanza fujo bure. Ya tatu ikae na wa mwisho, ambaye atahesabu vichwa kwenye kila kituo.

Na mkitoka, simameni langoni mfutiwe majina. Gari likipita tu wakati askari yuko upande wa pili, kitabu chake kitaonyesha watu 14 bado wako ndani, na atawatafuta.